Kapanya ka Papa Jacques

Jumamosi hiyo saluni ilijaa tangu asubuhi. Ilikuwa Julai ya mwaka 1999, siku ya mbio kubwa za farasi kule Greyville, na ungedhani wanawake wote wa Durban wamekumbuka vichwa vyao kwa pamoja. Marie-Louise alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu saa mbili, anasuka. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa milima ya Bukavu, vidole vyembamba, maneno machache. Wateja walimpendea vidole. Cathy, mwenye saluni, alimpendea yale maneno machache, kwa kuwa alikwisha kuona wasusi wengi ambao mdomo ukifunguka, mikono inalala.

Aliyekuwa kitini ni Lulu, binti wa Kitanzania aliyekuwa akisomea elimu ya wanyama katika chuo kikuu kilicho juu ya kilima. Alitaka rasta ndogondogo, kazi ya saa sita. Kwa kuwa Jumanne angesimama mbele ya wenzake kueleza habari za mnyama mmoja wa Australia, alikuja na karatasi zake, akawa anajisomea kwa sauti na kujitafsiria kwa Kiswahili ili ajue kama ameelewa. Mnyama mwenyewe, alisoma, ni mdogo kama panya, pua imechongoka, chakula chake wadudu na buibui. Lakini si panya. Ni jamaa ya kangaruu, mtoto wake huzaliwa kabla hajaiva, akamalizia kukua nje akiwa ameng'ang'ania chuchu ya mama yake. Jina lake la kitaalamu ni antechinus. Kuhusu umri Lulu alikuwa ameandika sentensi moja tu: huishi mwaka mmoja, huzaa, hufa.

"Hapana," alisema Marie-Louise.

Lulu alidhani anakatazwa kutikisa kichwa, akakaza shingo.

"Hapana, haiko vile. Ile ya kiume ndio inakufaka, yote, mbele hata itimize mwaka. Mama anabakia. Analea batoto, na bamama bengine banazaa tena mwaka wa pili."

Lulu akamtazama kwenye kioo. Hata Cathy aliyekuwa anaosha kichwa cha mtu pembeni alifunga bomba ili asikie. Lulu aliuliza kwa adabu mama amesoma wapi habari hizo.

"Sikuisoma," Marie-Louise alisema. "Niliishika na mukono."

Kisha, kama mtu aliyejuta kusema, akachukua fungu jingine la nywele. Lakini Lulu hakuwa binti wa kuachia neno kama hilo lipite. Aliuliza hili, akangoja, akauliza lile, na kufikia saa saba, kichwa kikiwa nusu, alikuwa amekwisha kulitoa jambo lote kidogo kidogo, kama mtu anayevuta uzi kwenye pindo la nguo.

Baba yake Marie-Louise aliitwa Jacques, na watu wa kwao walimwita Papa Jacques wa Ngozi. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti kilichojengwa milimani, juu ya Ziwa Kivu. Wataalamu walimletea wanyama wadogo waliokwisha kufa: panya wa msituni, popo, virukanjia. Yeye aliwapasua tumboni kwa kisu chembamba, akautoa mwili wote ndani ya ngozi kama mzazi anayemvua mtoto fulana, akaipaka ngozi kwa ndani sabuni ya sumu ili wadudu wasiile, akaijaza pamba, akaishona. Halafu alimlaza mnyama juu ya ubao, miguu ya mbele imenyooka mbele, ya nyuma imenyooka nyuma, na kumfunga mguuni karatasi yenye jina, mahali na tarehe. Kwa sababu ya ile sabuni, akirudi nyumbani alinawa mara tatu kabla ya kugusa ugali, na watoto hawakuruhusiwa kumkimbilia mpaka maji ya tatu yamwagwe. Marie-Louise alikuwa akisimama mlangoni kuyahesabu.

Mwaka 1970, yeye akiwa na miaka kumi na miwili, lilifika sanduku kutoka Australia. Kituo kilikuwa kimewapelekea watu wa makumbusho ya kule ngozi za wanyama wa Kivu, nao wakarudisha fadhila: ngozi sita na chupa moja ya spiriti. Ilikuwa likizo, na Papa Jacques akamwita bintiye aje aone. Zile ngozi zilikuwa zimelala kwenye pamba, rangi ya kahawia, na mtu yeyote angeapa kuwa ni panya. Ndani ya chupa alikuwamo jike aliyelala chali. Tumboni mwake walining'inia watoto wanane, kila mmoja kama harage, midomo imefumba juu ya chuchu, hawakuachia hata baada ya kufa.

Mtaalamu wa Kibelgiji aliyekuwa mkubwa wa idara aliwasomea barua iliyokuja na sanduku. Mimba yao ni mwezi mmoja tu, akasema. Mtoto anazaliwa mdogo kuliko punje ya mchele, hana macho, hana manyoya, mikono ya mbele ndiyo pekee yenye nguvu, na kwa mikono hiyo anapanda kwenye manyoya ya mama yake akitafuta chuchu. Akiipata anaiuma, nayo inavimba ndani ya mdomo wake ili asianguke. Asipoipata ndio mwisho wake, kwa maana chuchu ni nane na wanaozaliwa huweza kuzidi. Kwa wiki tano mama anakimbia nao hivyo, anawaburuta juu ya majani na magogo. Baadaye anawaacha kiotani na kwenda kutafuta wadudu, anarudi kunyonyesha, mpaka miezi mitatu au zaidi ipite. Papa Jacques aliinamisha kioo chake cha kukuzia juu ya tumbo la yule jike, akautafuta mfuko unaosifiwa wa jamaa ya kangaruu, akaona mkunjo mdogo tu wa ngozi.

"Mufuko gani huu," alisema, "hata punje ya muhindi haiingie."

Lakini jambo lililomkaa zaidi aliligundua mwenyewe. Alikuwa mtu wa tarehe. Alizigeuza zile karatasi za miguuni, akaona kwamba majike wamekamatwa miezi mbalimbali, ila madume wote wana tarehe za kabla ya katikati ya Agosti. Akauliza kama wategaji wa kule huenda likizo. Yule Mbelgiji alicheka, kisha akaacha kucheka, akaeleza. Wanyama hawa, alisema, huzaliwa wote karibu wakati mmoja, wakakua pamoja. Baridi ya kwao inapokaribia kwisha, kunakuja wiki mbili za kupandana. Katika wiki hizo dume hali vizuri, halali vizuri, anapigana, anakimbiza, mwili wake unajichoma wenyewe kama taa iliyofunguliwa utambi wote. Manyoya yanamtoka, vidonda vinamwingia tumboni, ugonjwa mdogo unammaliza. Ifikapo Septemba, katika msitu mzima hakuna dume hata mmoja. Wamebaki majike watupu, wenye mimba, na madume wa mwaka ujao wamo matumboni mwao.

Papa Jacques aliyapeleka maneno hayo nyumbani, akayasimulia mezani. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea mboga.

"Hata huku ni vile vile," alisema. "Tofauti ni kwamba ninyi munaendelea kukula."

Papa Jacques alicheka mpaka akaweka tonge chini. Hata hivyo alilirudia jambo lile siku nyingi. Alikipa kile kiumbe jina la kwao, kapanya ka mufuko, yaani panya mdogo wa mfuko, na jioni moja, wakitembea kurudi nyumbani kutoka kituoni, alimwambia Marie-Louise kitu ambacho binti hakukisahau. Alisema, "Kale kababa hakajui kama kako na batoto. Mi niko na bahati. Nakuona unakomaa."

Hapo Marie-Louise akageukia upande wa pili wa kichwa, na Lulu akarudi kwenye karatasi zake. Rasta zilikwisha saa kumi.

Jumatano Lulu alirudi, ingawa kichwa chake hakikuhitaji kitu. Alikuja kusema kwamba alikwenda maktaba, akakuta kila neno ni kweli, akalieleza darasa jinsi alivyoelezwa saluni, na mwalimu wake akamwuliza chanzo. Alimjibu kuwa ni mama mmoja msusi. Wenzake walicheka, ila mzee Govender hakucheka. Huyu alikuwa Mhindi wa Durban, fundi wa idara, mtunzaji wa makabati ya wanyama kwa miaka zaidi ya thelathini. Baada ya kipindi alimsimamisha Lulu mlangoni. Nondo walikuwa wameingia kwenye droo moja, macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia, na chuoni hapakubaki mtu hata mmoja anayejua kushona ngozi ndogo. Aliomba aonane na huyo mama, kwani binti wa fundi wa ngozi huenda alijifunza kazi ya baba yake.

Marie-Louise alikataa. Alisema ni miaka mingi mno, kwamba yeye ni mtu wa nywele sasa. Jioni alimweleza mumewe, Méthode, kule South Beach alikokuwa akilinda magari ya watu wanaokuja kuoga baharini. Alitegemea Méthode amwunge mkono. Méthode aliongoza gari moja litoke kinyumenyume, akarudi, akasema kwamba katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kumwona mkewe akila kuku bila kwanza kuichunguza mifupa.

Palikuwa na donda hapo, na Méthode alilijua. Baada ya lile sanduku la Australia, Papa Jacques alikuwa amemfundisha binti yake kazi. Akiwa na miaka kumi na minne alimtengeneza kirukanjia wake wa kwanza. Akiwa na kumi na nane wataalamu hawakuweza kutofautisha mkono wake na wa baba yake. Aliomba kazi kituoni. Wakubwa walisema nafasi ya fundi ni ya mwanamume. Mwaka uliofuata aliolewa, akaenda Goma kuuza vitenge, na siku ya kuondoka baba yake hakumlaumu, alimshika tu vidole, akasema, "Hii mikono itasahau." Vita vilipokuja mwaka 1996 walikimbia, wakashuka nchi kwa nchi hadi Durban. Alituma salamu nyumbani kwa watu wanaosafiri, naye akaletewa salamu, baba mzima, mama mzima. Kupiga simu hakuwahi. Kila alipofikiria, aliyasikia yale maneno, akaona hana la kuyajibu.

Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, alikwenda. Alipanda na Lulu taxi hadi chini ya kilima, wakashuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakapanda kwa miguu. Mzee Govender aliwapokea kwa Kiingereza cha taratibu, akawapeleka kwenye chumba kirefu kisicho na jua, akafungua kabati la chuma.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Naftalini, pamba kuukuu, na chini yake kitu kikavu kama vumbi la karatasi. Marie-Louise alishika ukingo wa kabati. Kwa muda hakuwa Durban. Alikuwa kwenye meza ya baba yake chini ya dirisha linalotazama ziwa, redio inaimba kwa sauti ndogo, mikono miwili mikubwa inavuta pamba na kuisokota mpaka iwe na umbo la shingo ya panya. Mzee Govender, ambaye alikuwa ameona mengi, alimsogezea kiti na kwenda kuchemsha chai.

Ndani ya droo mlikuwa na wanyama kumi na watano waliokwisha kuliwa na nondo. Kati yao, kwa bahati ambayo Lulu hakuacha kuizungumzia mwaka mzima, mlikuwamo wawili wa aina ya kapanya ka mfuko, walioletwa na msomi mmoja zamani. Dume alikuwa amepasuka tumbo lote, pamba imetoka, kichwa kimelegea. Mzee Govender alieleza kwamba angeweza kuanza na mwingine aliye rahisi. Marie-Louise alivaa glavu, kwa sababu alijua kuna nini ndani ya ngozi za zamani, akamwinua yule dume kwenye kiganja, akatazama karatasi ya mguuni. Julai. Alikuwa amebakiwa na wiki chache tu hata kama asingenaswa.

Ngozi kavu haishonwi, inapasuka kama jani. Alimweleza mzee kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba lazima mnyama alale siku mbili kwenye boksi lenye mchanga wa unyevunyevu, na mzee akaitikia kwa kichwa kwa furaha kwa kuwa ndivyo yeye pia alivyofundishwa. Tatizo lilikuwa sindano. Za chuoni zilikuwa na kutu, na za saluni zilikuwa nene, sindano za kushonea weaving, nywele za bandia, zingemtoboa mnyama yule kama mkuki. Jumanne asubuhi kabla ya kazi Marie-Louise alipita Warwick Junction, akazunguka meza za akina mama wa Kizulu wanaouza shanga, akachagua sindano ndefu nyembamba wanazotungia. Mama mmoja alimwuliza anataka kutunga nini. Alijibu kwamba anataka kushona panya, na yule mama akamwuzia bila kuuliza zaidi.

Alasiri ya Jumatano, siku mbili zilipotimia, Cathy alimruhusu kuondoka mapema, akapanda tena kilimani. Alianza saa tisa na nusu, Lulu akiwa pembeni yake na mzee Govender akiwa amesimama nyuma. Alitoa pamba ya zamani vipande vipande kwa kibano. Alisokota mpya, akaijaribu, akaitoa, akaisokota tena. Mara tatu haikukaa shingoni. Jasho lilimtoka ingawa ilikuwa baridi, na kuna wakati aliweka kibano chini, akamwambia Lulu kwamba wamwite mtu mwingine. Lulu alisema hakuna mtu mwingine. Akakichukua tena. Mara ya nne pamba iliingia, na ngozi ikajaa taratibu, mabega, kifua, tumbo, mpaka pale mezani pakawa na mnyama. Alishona tumbo kwa mishono midogo iliyojificha ndani ya manyoya. Mzee Govender alileta kioo chake cha kukuzia, akautafuta mshono kwa muda mrefu, na alipoukosa, akamwita Marie-Louise kwa neno la heshima ambalo wanafunzi walimwitia yeye: fundi.

Siku ya pili yake Marie-Louise alikwenda dukani kwa Pacifique, kijana wa Uvira mwenye duka la simu mjini. Bukavu palikuwa na mfanyabiashara mwenye simu ya mkononi, na kwa kupitia kwake wakapanga kwamba Papa Jacques ashuke kutoka milimani Jumapili, saa nane baada ya misa. Hali ya kule ilikuwa mbaya, wanajeshi barabarani, na Marie-Louise hakuamini kwamba atafika. Jumapili saa nane na dakika kumi Pacifique alimkabidhi chombo.

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Walisalimiana kwa kirefu, kila jina la jamaa likapita. Halafu Marie-Louise, aliyekuwa amejiandaa siku nne kwa hotuba ya kuomba radhi, akaiacha hotuba.

"Papa," alisema, "nimeshona kapanya ka mufuko."

Papa Jacques akauliza papo hapo.

"Kapi? Kababa ao kamama?"

"Kababa."

"Shingo iligoma?"

"Mara tatu, Papa."

"Inagomaka. Sindano ulitoa wapi?"

"Niliuza ya shanga."

Papa Jacques alicheka. Kwa Kiswahili cha Bukavu, kuuza ni kununua, na binti yake hakuwa amelisema neno lile kwa maana hiyo kwa miaka. Alitaka kujua kila kitu, urefu wa sindano, aina ya uzi, kama alikumbuka kuweka waya mkiani. Alimkemea kwa kutoanza na mnyama rahisi, kisha akamwambia arudie kusimulia sehemu ya mabega. Juu ya mikono iliyosahau au isiyosahau hakuna aliyesema kitu. Dakika zilipokaribia kwisha, ndipo alipotoa habari yake mwenyewe. Kituo kilikuwa kimevuliwa mabati katika vita, mvua ikaingia. Yeye na vijana wawili wa parokia walizibeba droo kichwani, moja moja, hadi nyumbani kwake. Zote zilikuwa chini ya kitanda, na zile ngozi sita za Australia pamoja nazo. Mkewe alikuwa akinung'unika kwamba uzeeni amekuja kulalia panya. Kilichokosekana ni naftalini ya kufukuzia nondo, haikupatikana tena Bukavu.

Marie-Louise alinunua pakiti ishirini katika maduka ya Wahindi, akazifunga kwa plastiki, akazikabidhi kwa mfanyabiashara aliyekuwa anaelekea Bukavu kupitia Lusaka na Kigoma. Tangu hapo Jumatatu zake zikawa za mzee Govender, na kabla mwaka haujaisha wale kumi na watano walikuwa wamerudi kwenye droo wakiwa wazima. Lulu aliandika jina la Marie-Louise kwenye daftari la idara, kwa wino, na jina la kijiji chake. Mwezi wa Novemba Pacifique alimpelekea saluni ujumbe uliosomwa kwenye simu kutoka Bukavu, ameuandika nyuma ya risiti. Ulisema kwamba naftalini imefika salama, pakiti zote ishirini, lakini kumi zimekwisha kuingia kwenye sanduku la vitenge vya mama, kwa hiyo zitumwe nyingine.